Siku Tuliyochinja Wufa ya Kinyozi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimeinamishwa kama cha kondoo wa Krismasi, wakati wufa, ile spika yake kubwa ya besi, ilipokohoa. Wateja wengine hawakusikia. Wao husikia ngoma tu, wakatingisha goti, basi. Mimi nilikisikia kile kikohozi kinachokuja kila besi ikishuka chini kabisa, krr, krr, kama mzee aliyepaliwa na ganda la njugu, nikacheka mpaka mashine ikanikwaruza sikio. Kinyozi akanipa kofi la kisogo. Amekuwa akinipa kofi hilo hilo tangu nikiwa Gredi ya Tatu, na sasa niko sekondari na nina ndevu saba.

"Tulia, buda," akasema. "Ukitaka kucheka, chekea kwa miguu."

Wewe rafiki yangu ukiingia pale utadhani ni uzee. Si uzee. Ile wufa ina kipande cha karatasi ya unga tumboni. Nilikuwepo kikiachwa mle, na nusura mtu auawe kabla hakijaachwa. Acha nikuambie niliyoyawaza, maana kichwa changu kikiwa kimeshikwa vile sikuwa na kazi nyingine.

Shule yetu ya msingi iko huku upande wa Dandora, mahali ambapo upepo ukigeuka hata chapati inakuwa na ladha ya moshi wa jalala. Nyuma ya vyoo kulikuwa na kontena kuukuu, kutu tupu, lililotobolewa madirisha mawili. Kwenye ratiba lilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo mwalimu mkuu alilitamka wageni wakija tu. Sisi tuliliita Machinjioni.

Mle ndani mtoto wa miaka minane alipewa nyundo. Nyundo ya kweli, ya chuma, siyo ya plastiki. Alipewa bisibisi, koleo, na kifaa cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, kilichonuka kama nywele zinazoungua, mara nyingine kwa sababu nywele zilikuwa zinaungua. Mwalimu wa kontena alikuwa kijana mwenye shingo ndefu, koti la fundi na akala za Kariokor, zile ndara za tairi, zilizolia kwata kwata sakafuni. Alikuwa na msemo mmoja: mkono ukishaogopa, kichwa hakisomi. Kwa hiyo tulipigwa na stima, tukajikata, tukagonga vidole mpaka kucha zikawa nyeusi, na tukasoma. Mpaka leo naweza kufungua pasi nikiwa nimefumba macho. Ukiniuliza ni nini kilinifundisha kwamba kuna vidude vinavyoweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, nitakuonyesha kovu. Kile kidude kilinizaba kofi ambalo hata mama yangu, mwanamke wa kubeba magunia huko Industrial Area, hajawahi kulifikia.

Vitu vilikuja kwa njia mbili. Vingine vilitoka jalalani vikiwa vimekufa kabisa, vikiletwa na mama mmoja aliyenunua na kuuza chupa, ambaye binti yake alikuwa darasani kwetu. Vingine vililetwa na majirani vikiwa wagonjwa, ili mwalimu avitibu. Vyote viliachwa kwenye kibaraza cha kontena, na sheria ilikuwa moja. Kilichosimama ni mgonjwa, usikiguse. Kilicholazwa ni maiti, ni chetu. Hakuna aliyeiandika popote. Kila mtoto aliijua kama alivyojua choo kipi hakina mlango.

Ijumaa alasiri ndiyo ilikuwa siku ya kuchinja. Na sisi, watoto wa watu waliotoka magharibi mwa nchi, ambao kwetu kuku ana katiba yake, hatungefungua maiti halafu tugawane ovyo ovyo kama fisi. Unajua kuku anavyogawanywa. Paja lina mwenyewe, shingo ina mwenyewe, miguu na kichwa ni vya watoto, na firigisi, ile imondo, ni ya baba na haina mjadala. Nyanya yangu, tuliyemwita kukhu, alikuwa akisema nyumba ambayo imondo imepotea kwenye chungu haitalala salama. Nyumbani kwetu ilipotea mara moja. Haikulala salama.

Basi kontenani spika za mbele zilikuwa kidari. Nyaya zilikuwa matumbo. Waliochelewa walipewa miguu, yaani vile viatu vidogo vya mpira chini ya redio. Na imondo ilikuwa sumaku, ile nzito ya duara iliyo nyuma ya spika. Tulipigania sumaku kama watu waliorogwa. Ilikuwa ya aliyeongoza kuchinja, na aliyeongoza kuchinja lazima awe mvulana. Hiyo tuliitoa nyumbani pia, nzima nzima, bila kuiosha.

Tatizo lilikuwa Binti Chupa. Ndivyo tulivyomwita yule binti wa mama wa chupa. Mikono yake ilikuwa imefungua vitu tangu kabla hajajua kutembea vizuri, kwa sababu ukimpa mtoto nafasi ya kukaa kando ya jalala bila kazi, kazi itamjia. Mimi nilipokuwa bado natafuta kichwa cha parafujo, yeye tayari alikuwa ameitoa na kuiweka mdomoni ili isipotee. Kila Ijumaa alifanya kazi yote, na kila Ijumaa sisi wavulana tukachukua imondo na kumwachia bawa. Siku moja nikamwambia mbele ya watu kwamba msichana hali imondo, atamea ndevu. Alitema parafujo kiganjani, akaiweka mezani kwa upole, halafu akanipiga kichwa cha mdomo. Jino langu la mbele, ambalo lilikuwa tayari linaaga, likaenda bila kwaheri.

Adhabu ya mwalimu wa kontena haikuwa kiboko. Mliopigana mlikaa chini, magoti kwa magoti, mkapewa waya mmoja mrefu. Kila mmoja akachuna plastiki kuanzia upande wake, kwa meno na kucha, mpaka mkutane katikati. Huruhusiwi kusema kitu. Jaribu siku moja kumchukia mtu mnayechuna naye waya, mate yake yakija kuelekea mate yako. Nilijaribu kwa bidii. Tulipokutana katikati nilikuwa na damu kidevuni, naye alikuwa anacheka kwa pua.

Ile Ijumaa ninayokusimulia, mwalimu aliitwa ofisini. Sisi tukafika kibarazani, tukaikuta wufa. Wufa ya maana, nyeusi, boksi la mbao, uso wa wavu. Imelala kifudifudi.

Tulisimama kidogo, kwa heshima. Maiti ya namna ile haikuwahi kuja. Halafu tukaibeba ndani kama jeneza, tukaimba wimbo wa mazishi, na Binti Chupa akashika bisibisi. Nimeona daktari wa filamu akipasua moyo. Hakumfikia. Alifungua ule mgongo bila kuvunja hata pembe, akatoa matumbo yakiwa yameungana, akatoa transfoma, akatoa spika, halafu akachukua nyundo na patasi na kuipiga sumaku kwenye mshono wake, mara moja, pa, ikabanduka. Nyuma yangu mtu alisema kwa sauti ndogo kwamba leo imondo ni ya Binti Chupa. Hakuna aliyebisha, hata mimi, ingawa ulimi wangu ulikuwa unatembelea pale jino lilipokuwa. Akaichukua imondo kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kwanza kwake. Mimi nilipewa transfoma, wengine wavu, nyaya, vitufe na miguu, na kila mtu akaenda kwao na nyama yake.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, kontena lilikuwa wazi kama kawaida kwa watoto ambao wazazi wao walienda kazini. Wakati huo huo, mtoto mmoja wa darasa letu alikuwa amepelekwa kunyolewa. Shingoni alikuwa amevaa kitufe cha sauti, kimetungwa kwenye uzi, kizuri kweli. Kinyozi alinyoa nusu ya kichwa kabla hajakiangalia kile kitufe. Akakigeuza kwa kidole. Kilikuwa na alama ya kuungua aliyoiweka yeye mwenyewe kwa sigara.

Kinyozi alitoka na mashine mkononi, waya unaburuta, na yule mtoto nyuma yake akilia na nusu ya nywele. Aliuliza mtu mmoja tu njiani, lakini huku kwetu ukiuliza kitu chako kiko wapi kwa sauti ile, barabara nzima inajibu. Mbele ya duka la mboga alikuwa anafuatwa na watu watano, wote wanajua ni wufa. Kwenye kona walikuwa wengi na walikuwa wanatafuta mwizi wa stima. Walipofika lango la shule hawahesabiki, na mwanamke mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba kuna mtu kwenye kontena anayeiba watoto. Soja wa lango, mzee mwenye rungu, aliangalia ule umati, akaangalia rungu lake, akafungua.

Mwalimu wa kontena alitoka kuona kelele ni za nini. Hakupewa hata nafasi ya kusalimia. Kinyozi alimshika koti na kumbamiza kwenye mlango wa kontena mpaka kontena likalia kama kengele ya kanisa. Akamuuliza wufa iko wapi. Mwalimu akasema wufa gani, na kusema kweli hakujua, ila kwa umati ule lilikuwa jibu la mwizi. Kofi likatoka kwa mtu ambaye hata hakuwa na wufa. Halafu teke. Halafu jiwe, sikuona limetoka kwa nani, nililisikia tu likigonga mfupa juu ya jicho lake, na damu ikashuka kama bomba lililofunguliwa. Alipiga magoti. Akala moja ilitoka mguuni. Sisi tulikuwa mlangoni na madirishani, na nakuambia, mimi mtu wa utani, mkojo ulinitoka nikiwa nimesimama.

Mwanamume mmoja alipenya kati ya watu akiwa na nondo. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, wa kaptula, labda alikuwa ameenda kununua maziwa. Aliinua ile nondo juu kwa mikono miwili.

Binti Chupa alipita chini ya mkono wangu. Alikuwa na imondo yake, alikuwa ameilalia usiku kucha, alama yake ya duara bado ilikuwa shavuni. Aliruka na kuipigiza kwenye ile nondo, kwap, ikashika. Mwanamume akavuta, haikutoka. Akazungusha, ikateleza na kukibana kidole chake. Akaanza kurukaruka akilia mama, mama, na nondo imening'inia kwenye kidole, na watu waliokuwa wamekuja kuua wakaanza kucheka. Sikuwahi kusikia kicheko kibaya vile, wala kitamu vile.

"Mwalimu hakuwepo," Binti Chupa akasema. Alisimama mbele ya mwalimu, miguu imepanuliwa kama golikipa. "Mimi ndiye nilichinja."

Kinyozi akamuuliza kwa nini amchinjie kitu chake.

"Ilikuwa imelala. Kilicholala ni maiti. Kila mtu anajua. Nani aliilaza?"

Kinyozi akageuka kukitazama kibaraza. Unaona, alikuwa ameileta kwa sababu ilikuwa haitoi sauti upande mmoja. Akaona kibaraza kimeinama, na yeye ni mtu mwangalifu, hata nywele za mteja huzifagia kabla hazijafika chini.

"Niliilaza isianguke," akasema.

Yule wa kidole bado alikuwa analia mama, mama. Halafu mtu nyuma akasema basi kama wamechinja, wafufue. Wengine wakaitikia. Hawakuyaacha mawe. Walikaa nayo chini, kwenye nyasi, kwenye matofali, kila mtu na jiwe lake pajani, wakangoja. Kinyozi akaachia koti la mwalimu, akaiweka vizuri kola yake, kama mazoea ya kazi, akasema tena, polepole, kwamba iimbe. Hakusema isipoimba itakuwaje. Mawe yalikuwa pale.

Tulikimbia nyumbani kama panya. Mimi nilimkuta kukhu mlangoni akichambua mrenda, na transfoma yangu ikiwa imezuia mlango usijifunge. Nikamwambia nairudisha. Akasema nyama ikishagawanywa hairudi chunguni. Nikamwambia watamuua mwalimu. Hakuuliza mwalimu gani. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akanirushia, ikaniangukia kidole cha mguu, nikakimbia nikichechemea na kulia na kunuka mkojo. Wavu ulikuwa kwa mama fulani, tayari anachujia chai. Kitufe kilitoka kwenye shingo ya yule wa nusu nywele. Miguu mitatu ilipatikana. Wa nne ulikuwa umefungwa kwenye manati, ukapotelea juu ya paa.

Jicho moja la mwalimu lilikuwa limefungwa kwa uvimbe na lingine lilijaa damu. Alijaribu kushika bisibisi, ikamponyoka. Akakaa ukutani.

"Leo mimi ni mdomo tu," akatuambia. "Mikono ni yenu."

Niliunga nyaya za transfoma kwa kichomeo nikiwa na miaka minane, watu wazima wenye mawe wakinitazama. Risasi iliyoyeyuka ilinidondokea pajani na sikupiga kelele, kwa sababu nilihofia wangefikiri ni ishara. Mwalimu aliuliza rangi ya waya, tukamwambia rangi, akatuambia iende wapi. Aliuliza upande gani haukuwa ukiimba, akatuonyesha kwa kidole hewani mahali waya huwa unakatika, na ulikuwa umekatika pale pale. Na unajua watu wetu. Baada ya muda kidogo umati ule ule ulikuwa unashauri. Yule aliyetaka kumpasua mwalimu, kidole sasa kimefungwa kitambaa, alikuwa amechuchumaa kando yangu akiniambia nisishike kichomeo kama kijiko cha uji.

Kazi ngumu ilikuwa sumaku. Binti Chupa aliishika muda mrefu kabla hajaitoa mkononi. Sumaku ina tundu, na ndani ya tundu kuna koili ya waya inayopanda na kushuka, na ukiigandisha imeenda pembeni hata kwa unywele, sauti inakuwa ya mbuzi. Mwalimu akamwambia akate vipande vyembamba vya karatasi ngumu, avizungushe ndani vibane koili katikati, atie gundi, halafu ikikauka avivute. Akachana pakiti ya unga. Alivipanga kama mtu anayesuka mtoto mchanga nywele. Akatia gundi. Tukangoja.

Wakati wa kungoja, mwalimu alipapasa sakafuni, akapata waya mrefu. Upande mmoja akaushika yeye. Wa pili akaunyoosha mbele yake, hewani, bila kuona vizuri nani yuko pale. Watoto wote tulijua maana yake. Kinyozi hakujua, lakini alikuwa ndiye aliye karibu, akaushika. Mwalimu akaanza kuchuna kwa meno. Kinyozi akamtazama, akatutazama sisi, halafu naye akakaa chini, magoti kwa magoti, akaanza. Damu ya mwalimu ilikuwa inateremka kwenye waya. Kinyozi aliichuna pamoja na plastiki. Walipokutana katikati alitoa kile kitaulo cha kazi begani, akamfunga jicho.

Binti Chupa alivuta vile vipande, vyote vikatoka isipokuwa kimoja kilichokatikia ndani. Alinitazama. Nilimtazama. Tukafunga boksi. Mguu wa nne mwalimu aliukata kwenye akala yake, ile iliyobaki bila pacha.

Ilipochomekwa, kilichotoka kwanza kwenye redio yake ni tangazo la dawa ya kunguni. Watu walishangilia lile tangazo kama bao. Halafu ukaja muziki, na besi ikashuka, na wufa ikakohoa, krr. Kinyozi aliinamisha kichwa kusikiliza. Mimi nilifumba macho. Akasema inaimba. Watu wakainuka, wakadondosha mawe pale pale walipokuwa wamekaa, wakaenda kununua maziwa yao.

Jicho lile la mwalimu halikuwahi kufunguka sawasawa. Kwenye nyusi alibaki na njia isiyoota nywele, na kinyozi alimnyoa kila wiki akiizunguka polepole, hakuna aliyeitaja. Muhula ulipoisha mwalimu akaondoka, hatukuambiwa wapi. Kontena likawa stoo ya madawati, halafu siku moja lori likaja likalinyanyua, na pale chini nyasi zilikuwa nyeupe kama miguu iliyotoka kwenye soksi. Binti Chupa na mama yake walihama kabla hatujamaliza shule ya msingi. Nilimwona mara moja, huko mtaa wa Tena, akivuka barabara na begi kubwa mgongoni. Nilimwita, lakini jina lile la utotoni sikuthubutu kulipaza. Kukhu yuko kijijini, hataki tena ngazi za ghorofa. Shuleni kwetu sasa, huku sekondari, tuna chumba chenye mashine mpya kwenye maboksi, na karatasi mlangoni inasema usiguse. Hakuna anayeumia mle. Hakuna anayejua chochote pia.

Nilikuwa nafikiri hayo Jumamosi, kichwa kimeinama, wakati mpwa wa kinyozi alipoingia na spika ndogo ya bluu isiyo na waya, kubwa kama kopo la maziwa. Akaiwasha. Kusema kweli ilipiga safi, bila kikohozi. Kinyozi akazima mashine, akaisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu mpwa akachomoa wufa ukutani, akaibeba nje, akarudi akipangusa mikono.

Kupitia kioo niliiona kibarazani, kando ya ndoo ya taka. Alikuwa ameilaza kifudifudi.

Niliinuka na kitambaa shingoni. Kinyozi aliuliza naenda wapi na nusu ya kichwa, na mpwa wake akacheka. Nilitoka nje. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Miguu mitatu ya mpira na mmoja wa akala.

Nikaisimamisha.